Upande wa Pili wa Uzi

Nyumbani, 6 Februari

Mama Redio,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba mtoto anayejua kubonyeza amekwisha kujua. Wanamwona wa miaka minne anafungua simu, anatafuta picha, anazima, anawasha, basi wanaita majirani: njooni mwone maajabu, huyu atakuwa mhandisi. Mwanangu, hata kuku akidonoa swichi taa itawaka. Kujua kunaanza pale mtoto anapojiuliza: nimefanya nini hata hiki kikatokea? Na nisipofanya, je?

Nimeanza na kosa kabla ya salamu, na mama yako, ambaye anasoma nyuma ya bega langu, anasema uzee wangu hauna adabu. Basi narudi nyuma. Hamjambo? Sisi hatujambo, ila magoti ya mama yako yanatabiri mvua isiyokuja. Rimoti ya televisheni bado imo ndani ya nailoni yake ya dukani, hataki ivuliwe, na kuibonyeza ni kama kumfinya mtu aliyevaa koti. Salamu za mwanangu, mumeo, ulizotuandikia tumezipokea. Hapa pia alitupigia majuzi. Hajambo, kazi za kufunga lifti zimemshika.

Sasa swali lako. Umeniuliza, kwa kuwa niliwafundisha walimu wa chekechea mpaka nikastaafu, kama ni vibaya mjukuu wangu Redio kushinda na simu hapo kibandani wakati wewe unatengeneza za wateja. Nakujibu kama nilivyowajibu wanafunzi wangu: kioo hakina dhambi, dhambi ni mikono kukaa bure. Mtoto wa umri huo hufikiri kwa vidole. Mpe kitu kinachofunguka. Chukua tochi, toa betri mbele yake, mpe vipande, kisha nyamaza. Akiweka betri kichwa chini na taa isiwake, usimsaidie. Darasa liko hapo hapo, na mkono wako ukiingia, umelifunga.

Akiizoea tochi, chezeni mtu-mashine. Wewe ndiye mashine: huna akili, una masikio tu. Yeye anakuamuru: mbele, simama, geuka, inama. Akikosea amri, gonga ukuta kweli. Atacheka, kisha atairekebisha amri yake. Siku atakayokutana na mashine yenyewe, atakuwa anajua tayari kwamba haisomi moyo wa mtu.

Na simu mwondolee kabisa kwa muda. Itie kwenye droo, funga. Usigombe, usieleze sana. Mtoto hukililia kitu siku mbili, siku ya tatu anakitafutia kingine.

Mwambie Redio babu yake anangoja taarifa ya habari.

Baba yako.


Kibandani, 1 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, na pole ya magoti. Sisi wazima. Baba Redio anawasalimu sana.

Naandika katikati ya kazi, mkono mmoja una kalamu na mwingine bisibisi, kwa hiyo mwandiko usiucheke. Kibanda changu hujakiona: kiko kwenye ujia wa maduka, kimebanwa na muuza mabegi ubavuni na kutazamana na fundi cherehani ng'ambo ya ujia. Mbele nina meza ya kioo, na juu yake trei la simu zilizokufa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Redio ana kigoda chake chini ya meza. Siku nzima nafungua, nafunga, najaribu milio. Ukipita ujiani hapa utadhani watu wote duniani wanatafutana.

Tochi aliipenda. Betri aliigeuza mwenyewe, taa ikawaka, akanitazama, akaizima, akaiwasha, akaizima. Dada wa cherehani akachungulia kutoka ng'ambo. "Mama Redio, mwenzangu umeshapata fundi msaidizi. Mimi niko hapa na pindo lisilojua kujikunja lenyewe."

Mtu-mashine hatukufika mbali. Ananiamuru kwa kidole. Nikamwambia mashine haina macho, ina masikio. Akanitazama tu, akanishika kiuno akanisukuma mbele. Niligonga ukuta kama ulivyoelekeza. Hakucheka. Aliyecheka ni dada wa cherehani, mpaka akajichoma sindano.

Niseme tu, Baba, Redio siku hizi hana matangazo mengi.

Simu nimeifungia kwenye droo. Siku mbili zimepita, ya tatu imepita, na nyingine juu yake. Hatafuti kingine. Anakaa kigodani ameielekea droo, kama mgonjwa aliyepewa namba mbele ya mlango wa daktari. Nifanyeje?

Mkweo.


Nyumbani, 20 Machi

Mama Redio,

Barua yako imekuja kwa mwendo wa konokono mwenye mzigo, lakini imefika. Tumefurahi kusikia mu wazima. Hapa mvua ile ya magoti imenyesha hatimaye, na mama yako anatembea nyumba nzima akidai sifa.

Usiwe na wasiwasi. Kuna jambo nililowaeleza walimu kila mwaka na kila mwaka likawashangaza: mikono ya mtoto ikianza kujifunza, kinywa hupumzika. Ni kama nyumba yenye bomba moja, ukifungua jikoni, bafuni maji yanapungua. Redio amepeleka maji kwenye vidole. Maneno yatarudi. Endelea na vitu vya kufungua: saa mbovu, kufuli na ufunguo wake, kalamu yenye springi. Kila kitu kiwe na tendo lake na jibu lake, abane hiki kile kiruke. Ukiona ameanza kutabiri jibu kabla hajatenda, niandikie siku hiyo hiyo.

Droo usiifungue. Hapo ndipo wazazi wengi huvunjika moyo, na mtoto hujifunza kwamba kukaa kimya mbele ya droo kunaifungua. Hilo nalo ni somo la kitufe, ila baya.

Mwanangu alipiga tena Jumapili. Mama yako aliongea naye mpaka chai ikapoa. Tulimsimulia habari za tochi, akacheka sana.

Umesema Redio hana matangazo mengi. Tangu lini? Hukuniambia. Mama yako anasema niache kujifanya daktari wa mtoto nisiyemwona. Nikamjibu elimu haihitaji macho. Akasema hata upofu hauyahitaji.

Baba yako.


Nyumbani, 14 Mei

Mama Redio,

Hamjambo huko? Sisi wazima wa mwili.

Sijapata barua yako. Nimekwenda posta nikarudi, nikaenda tena. Binti wa dirishani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Jana alinambia, "Mzee, sanduku lako tupu kama juzi. Barua hazizaani mle ndani." Nikacheka ili asione.

Nilikupigia. Hukupokea, ukatuma ujumbe: tuko salama Baba, kazi nyingi. Telegramu za ujana wangu zilikuwa na huruma zaidi. Mama yako amenificha viatu kwa sababu nazunguka ua kama mbuzi aliyefungwa kamba. Anasema nimeandika neno fulani lililokukwaza. Nimezipitia nakala za barua zangu (ndiyo, huweka nakala, ni ugonjwa wa walimu) na sioni neno lolote ila mafundisho.

Kama nimekosea, nionyeshe mstari. Kama mtoto anaumwa, sema. Sitauliza mengine.

Baba yako.


Kibandani, 30 Mei

Baba,

Shikamoo. Mama, shikamoo. Sisi wazima.

Leo sina salamu za Baba Redio. Sikuwa nazo hata Machi, wala katika barua ya kabla ya hapo. Nilikuwa naziandika mwenyewe, kwa sababu mkwe akiandika bila salamu za mume wake ni kama anamvua mtu nguo mbele ya wazazi wake. Kwenye simu nisingethubutu kuyasema haya. Karatasi haina macho.

Hajapiga tangu Novemba. Namba yake haipatikani. Kabla ya hapo alikuwa akipiga kila jioni ninapofunga kibanda, kwa video, Redio anaisimamisha simu juu ya meza na baba yake anasema, "Redio, lete habari." Basi anasomewa zote: nani kaleta simu iliyotumbukia chooni, nani kagombana na fundi cherehani, paka wa muuza mabegi kazaa wangapi. Ndiyo maana akaitwa Redio. Mlijua hilo jina, sidhani kama mlijua lilizaliwa wapi.

Kwa hiyo, Baba, hakuwa akiangalia katuni. Alikuwa akiigusa picha ya baba yake kwenye simu, anasubiri, anaigusa tena. Niliona aibu kuandika hivyo. Nikaandika "anashinda na simu", nawe ukanijibu lile nililouliza. Sikulaumu. Nikachukua simu, nikaifungia kwenye droo, na tangu siku ile hakusema neno.

Kisha ikaja barua yako: mwanao amepiga Jumapili, amecheka habari za tochi. Niliikunja nikaiweka chini ya trei. Nilijiuliza mimi na mtoto tumemkosea nini, anao muda wa kucheka na nyie na hana muda wa kutuambia yu hai. Ndiyo maana sikuandika.

Sasa nikwambie kilichotokea Aprili. Alikuja mteja kuchukua simu yake niliyobadilisha kioo. Nageuka, haipo mezani. Naangalia chini, Redio anayo, ameshaitoa mfuniko wa nyuma na bisibisi yangu ndogo imo kwenye skrubu.

"Wee mama! Mtoto wako anaiua simu yangu!"

"Ulikuja nayo maiti," dada wa cherehani akamjibu kutoka upande wake. "Iliyofufuka ikiuguzwa kidogo unapiga kelele?"

Simu haikudhurika. Mteja akaenda zake akinung'unika. Mimi sikumgombeza Redio, kwa sababu niliona anavyoishika bisibisi: alikuwa anatafuta, hakuwa anachezea. Nikatoa simu moja kwenye trei la wafu, nikakaa naye sakafuni, tukaifungua pamoja. Skrubu kama mbegu za nyanya alizipanga kwenye kifuniko cha chupa. Nikamwonyesha: hii spika, sauti inatokea hapa. Hii maiki, inasikia. Hii kamera, inaona. Hii betri, unaijua, dada yake yumo kwenye tochi. Alikigeuza kila kipande. Kilipokwisha cha mwisho akatazama ganda tupu, akasema, "Baba yuko wapi?"

Baba, alikuwa anauliza humo ndani.

Nikamwambia hayumo, hakuwahi kuwamo, alikuwa mbali na sauti yake inakuja. "Inapita wapi?" Hewani, nikasema. Ndilo jibu ninalowapa wateja na wanaondoka wameridhika. Redio akanyoosha mkono hewani, akaurudisha mtupu, akanitazama kama mimi ndiye nimempunja.

Sikuwa na wewe wa kukuuliza, nilikuwa nimekasirika. Nikachukua makopo mawili ya maziwa, nikayatoboa kitako, nikaomba uzi mnene wa suruali, nikafunga njiti kila upande. Kopo moja kwa Redio, lingine kwa dada wa cherehani ng'ambo ya ujia. Uzi ukakazwa. Dada akaweka mdomo koponi: "Haloo, hapa kwa fundi! Nguo yako bado kifungo tu, njoo kesho!"

Redio alicheka mpaka akakaa chini. Akamjibu. Kwa maneno, Baba. Wakapigiana kelele za kesho, kesho, ujia mzima. Kisha akaanza yale mambo yenu ya kutenda na kujibu. Akalegeza uzi, sauti ikakata. Akakaza, ikarudi. Akaugusa kwa kidole katikati, akanitazama, ikafa. Sikumsaidia hata kidogo.

Halafu dada akapata mteja, akaliweka kopo juu ya kitambaa akaanza kumpima mtu. Redio akasema haloo. Haloo. Uzi umekaza, hakuna kitu. Akasimama, akaufuata uzi kwa mkono taratibu, akavuka ujia, akafika upande wa pili. Akaliona kopo limelala. Akarudi, hakulia, akaniambia kama anayenipa ripoti ya kazi: "Mama, Baba hajashika kopo lake."

Kama kwenu anapiga, mwambieni ashike na la huku.

Mkweo.


Nyumbani, 11 Juni

Mama Redio,

Salamu zetu ni fupi leo. Tumesoma barua yako, kwanza mimi, kisha mama yako, kisha sote pamoja kwa sauti.

Hajapiga. Si majuzi, si Jumapili ile, si siku yoyote tangu mwaka jana. Namba yake haikupatikana hapa pia. Ulipotuandikia kwamba anatusalimu, mama yako alisema: basi anampigia mkewe, amebadilisha namba, sisi ndio tuliosahaulika. Tungekuomba hiyo namba mpya tungejianika kwamba mtoto tuliyemzaa hatutafuti. Ndipo nikaandika kuwa alitupigia. Mara ya pili nikaongeza na kicheko. Chai ilipoa kweli, lakini kwa sababu tulikaa tukiitazama simu.

Wewe ulitusitiri, nasi tukakusitiri, na kati yetu mtoto akafungiwa droo. Nilikufundisha bomba la jikoni na la bafuni. Sahau bomba hilo. Droo fungua leo hii.

Kesho naondoka kwa basi la kwanza. Jengo alilokuwa akifunga lifti nalijua kwa picha aliyowahi kututumia. Mama yako ananifungia nguo na maagizo. Anasema, "Ukimpata usimpe hotuba. Mpe kofi. Hotuba yako ni adhabu kubwa mno kwa mtu mmoja."

Baba yako.


Kibandani, 22 Juni

Baba, shikamoo. Najua huenda uko njiani. Mama, shikamoo, ikikufikia wewe kwanza ifungue usome.

Barua yenu niliisoma nimesimama, nikacheka, kisha nikafunga kibanda mapema nikidai umeme umekatika. Kumbe tulikuwa tunalipana salamu za uongo kwa salamu za uongo, na kila mmoja anamwonea mwenzake wivu wa simu isiyoita.

Redio anasema. Ila koponi tu, au kama aliye mbele yake ameshika kopo. Anawapa wateja upande wa pili wa uzi kabla hawajaeleza shida ya simu zao. Jana bwana mmoja mwenye tai, mtu mzito, alisimama katikati ya ujia na kopo sikioni akisema ndiyo, ndiyo, nimekupata, huku watu wanampita kwa ubavu. Kabla ya kuanza, Redio huuliza: "Umeshika?" Akijibiwa ndipo anatoa habari. Mtu-mashine nayo ameirudia. Alimwamuru dada wa cherehani mbele, mbele, mbele, mpaka akaingia kwenye mabegi ya watu. Muuza mabegi akauliza nani atayapanga. Redio akasema, "Mashine." Dada akapanga.

Simu nimeitoa kwenye droo. Iko mezani. Haichukui. Anaitazama tu.

Mimi ndiye situlii. Kila mlio ninaoujaribu, sote wawili tunageuza shingo, na ni simu ya mtu mwingine, ni mimi mwenyewe niliyeibonyeza. Nimeanza kujaribu kwa mtetemo tu.

Ukimpata usimburute. Sitaki mtu aliyeletwa kwa sikio. Na mtoto asiahidiwe kitu, nakuomba.

Mkweo.


Nyumbani, 9 Julai

Mama Redio,

Nakusalimu, mama yako anakusalimu, na salamu hizi ni za watu wawili walioko chumba hiki, hakuna wa tatu. Barua yako imenikuta nimerudi. Nimemwona.

Jengo lenyewe limekwisha, la vioo, na lifti zinafanya kazi, nimezipanda. Mlinzi wa mlangoni nilimwuliza fundi lifti. "Yule mrefu mwenye kucheka? Siku hizi hacheki. Yuko ghala la vigae, nyuma hapo." Nikazunguka. Nilimkuta amebeba boksi begani, mweupe kwa vumbi. Aliponiona aliliweka chini polepole.

"Baba. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba," nikasema. "Kuna mtoto."

Tulikaa juu ya maboksi. Kampuni ilinyang'anywa kazi Novemba, mafundi wote wakaachishwa. Simu akaiuza. Akajiambia, nikipata kazi nyingine ya ufundi ndipo nitapiga, niwe na la kusema. Wiki ikapita. "Kisha nikaona nikipiga wataniuliza mbona wiki nzima. Kisha ikawa mwezi. Kadiri nilivyochelewa ndivyo kuchelewa kwenyewe kulivyokuwa jambo la kuelezwa. Sasa, Baba, naanza na neno gani?"

Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nimeandaa hotuba, yenye utangulizi na hitimisho. Niliufungua mdomo, nikamkumbuka mama yako, nikaufunga. Nikamsimulia tu habari za kopo, kama ulivyoziandika, mpaka ile ya mtoto kuufuata uzi kwa mkono. Alisugua vumbi viganjani kana kwamba lingetoka.

Ana simu ndogo ya vitufe sasa, isiyo na picha. "Hataniona," akasema. "Atadhani si mimi." Nikamwambia mtoto huyo ameshafungua simu akakuta hamna mtu, na bado anaongea na walio mbali. Kuliko sote, yeye ndiye anayejua sauti ni nini.

Nikamwomba apige pale pale. Alianza kubonyeza namba yako, anaijua kwa kichwa, akasita kwenye tarakimu ya mwisho, akaizima. "Siwezi, Baba. Si leo." Nikamwuliza: Redio akikupigia, utashika? Gari la vigae likaja, akaenda kulipakua, akarudi akakaa. Ndipo akasema, "Jioni huwa naiweka mfuko wa shati. Siiachi kwenye begi."

Hilo ndilo nililorudi nalo. Sijui kama ni ndiyo. Sikumburuta, sikuahidi kwa niaba ya mtu. Kati yako na yeye yapo mengi, na hayo ni yenu, uyafungue ukitaka au uyafunge. Sisi hatutakuja na ushauri. Mama yako anasema nikuandikie kwamba hata ukimtukana mwanawe hatakasirika, mradi umwachie na yeye zamu.

Ila kuhusu mtoto, niruhusu kueleza mara moja zaidi. Wewe, mimi, mama yako, sote tulikaa upande wetu tukingoja iite. Redio naye tumemfundisha kungoja, kwa mfano wetu, na hakuna kitabu kinachofundisha vizuri kama huo. Hakuna aliyemwonyesha kwamba simu hiyo hiyo inaweza kuanzwa na yeye. Namba mpya ya baba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, tarakimu kubwa kama kuku, kila moja na nafasi yake. Ibandike ukutani kwa urefu wa macho yake. Asomee hapo, abonyeze, afunike aliyokwisha kuibonyeza kwa kipande cha kitambaa cha yule dada ili asipotee. Akikosea namba, akampata mtu mwingine, aombe radhi aanze upya. Baba yake asiposhika, mwambie ukweli kwa maneno yake mwenyewe, hajashika, na kesho anaweza kujaribu tena. Hilo si ahadi.

Siku utakayoipata barua hii, jioni ukianza kufunga kibanda, mpe Redio simu mkononi, wewe usiiguse, umwache abonyeze mwenyewe.